Jahazi ndani ya darasa

Walimu wenzangu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) hapa Lamu, mada ya usafiri wa baharini haitaki picha za ukutani tu. Pangeni mikeka kwa umbo la jahazi, kanga kuukuu iwe tanga, kisha waachieni watoto wagombanie unahodha (watagombana, msijali). Shehena ni mchanga na makumbi. Fungeni vifuu viwili kwenye ncha za fimbo, muining'inize kwa uzi katikati: hiyo ndiyo mizani ya bandarini. Kipi kizito? Mwalimu apande kama abiria, aulize nauli, asiishike sukani. Simbi ndogo ziwekeni mbali, wengine bado hutia kila kitu kinywani. Na jahazi lisivunjwe kesho yake. Siku ya tatu ndipo hadithi zao hunoga.