Besi inakwaruza? Anza na shingo, brigi baadaye

Wapiga gitaa la besi wengi wakiona nyuzi zinakwaruza au ziko juu mpaka vidole vinauma, wanakimbilia alenki (ule ufunguo wa pembe sita) na kuanza kuzungusha vile vichuma vya brigi, yaani kile kipande cha mwilini kinachobeba nyuzi, na hapo ndo kazi inaharibika. Shingo isipokaa sawa, hata uhangaike na brigi mpaka asubuhi utarudi palepale.

Kwanza funga nyuzi unazotumia siku zote, zityuni vizuri E A D G. Usipime na nyuzi zimelegea maana shingo inakaa tofauti kabisa.

Sasa bana uzi wa E freti ya kwanza, freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo (kapo, kile kibanio cha nyuzi, inasaidia sana hapa), halafu bonyeza uzi huohuo pale shingo inapoungana na mwili. Hapo uzi umekuwa rula. Chungulia freti ya 7 au ya 8, kati ya uzi na freti unataka nafasi ndogo kama milimita 0.3. Huna fila geji ya mafundi magari, vile vibamba vya kupimia nafasi? Chukua karatasi 3 za A4 za kawaida uzibebanishe, zinafika hapohapo. Zikipita zinagusa uzi kidogo bila kuunyanyua, shingo iko poa. Nafasi ikiwa kubwa, kaza rodi ya ndani ya shingo kwa kuzungusha kama mshale wa saa, ikiwa hakuna nafasi kabisa legeza. Robo mzunguko tu, tyuni tena, pima tena! Mimi niliwahi kukaza mzunguko mzima usiku wa kuamkia ibada nikidhani nawahisha, asubuhi nyuzi zimelalia freti za mwanzo, kila noti inakwaruza na kwaya inanisubiri. Ukikuta rodi ngumu usilazimishe, mpelekee fundi, rodi ikikatika ndani ni hasara kubwa.

Shingo ikishatulia ndo uje kwenye brigi. Pima freti ya 12, toka juu ya freti mpaka chini ya uzi, E iwe kama milimita 2.5 na G kama 2. Kadi 3 za benki zisizo na namba za kuvimba zikibebana zinatoa kama 2.3, kwahiyo una kipimo mfukoni tayari. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo, uzi wa besi unatikisika sana unahitaji uwanja.

Bado inakwaruza? Sikiliza ni wapi. Freti za mwanzo mpaka ya 5, mara nyingi shingo imenyooka mno. Kuanzia ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini sana. Sehemu moja tu, kuna freti imeinuka, na ikiwa uzi mtupu ndo unalia lakini ukibonyeza unatulia, basi mifereji ya kile kipande cheupe cha kichwani imelika, hizo mbili ni za fundi.

Mwisho kabisa piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi kidogo juu ya freti bila kuubonyeza) halafu bonyeza noti hiyohiyo, angalia tyuna. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kichuma cha brigi kinachobeba uzi huo nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini kisogeze mbele.

Halafu chomeka kwenye ampi upige kwa nguvu zako za kawaida, kwasababu kuna mkwaruzo mdogo unausikia ukiwa umeinamia besi chumbani lakini kwenye spika haupo kabisa, huo achana nao.