Kubadilisha glavu kabla ya kufunga tumbo

Glavu za upasuaji hutoka kwenye pakiti zikiwa zimetakaswa, lakini hadi tumbo linapofungwa zimeshashika ngozi, utumbo, pengine na usaha. Ukishona nazo hizohizo, unapanda vijidudu kwenye jeraha. Utafiti wa ChEETAh wa mwaka 2022, uliofanyika katika hospitali 81 za nchi 7, Rwanda ikiwemo, ulikuta kwamba kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo kulishusha maambukizi ya jeraha kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0.

Vaa jozi mbili tangu mwanzo. Wengi huvaa ya ndani kubwa kwa nusu saizi: kama mkono wako ni 7.5, ndani 8, nje 7.5. Vidole vitabana mwanzoni, vitazoea. Ya ndani ikiwa ya rangi, kijani kwa mfano, tundu la nje hujionyesha kwa doa jeusijeusi pale maji yanapopenya. Pindo la glavu lifunike lote lile la gauni, maana kitambaa hicho hufyonza jasho na hakizuii vijidudu.

Kabla ya kufunga, weka kando vifaa vilivyogusa utumbo, kisha kila aliyevaa gauni, msaidizi na nesi wa vifaa wakiwemo, avue glavu za nje. Ya kwanza ivute kwa kuishika upande wa nje ukiwa bado na glavu ya nje mkono wa pili. Ya pili ingiza vidole chini ya pindo lake, uigeuze ndani nje. Glavu ya ndani isiguse uso mchafu wa ile ya nje: hapo ndipo wengi huharibu. Vaa mpya, ndipo uombe seti safi ya kushonea.

Sindano ikikuchoma hadi ngozini, usingoje kufunga. Sindano hiyo itolewe mezani, nesi asiyevaa gauni akuvue glavu zote mbili za mkono huo, na mwenzako aliyevaa gauni akuvishe mpya. Usirudishe mkono ndani ya mkono wa gauni ujivishe mwenyewe kama mwanzo. Pindo lile la gauni limeshachafuka. Kagua zaidi kidole cha shahada cha mkono usioshika kishikio cha sindano, ndicho hutobolewa mara nyingi. Operesheni ikirefuka, badilisha za nje kila dakika 60 hadi 90 hata kama huoni tundu.