Kuhamisha mwaridi unaoparamia: ngoja kipupwe

Mwaridi ukihamishwa kwenye jua la Januari hufa kwa kiu hata ukimwagiliwa kila siku. Jembe limekata mizizi laini inayonyonya maji, lakini majani yamebaki yale yale, na jua linayakausha haraka kuliko mizizi iliyosalia inavyoweza kuyanywesha.

Kwa ukanda wa pwani, Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, subiri masika yaishe. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti ardhi bado ina unyevu na usiku una ubaridi. Vuli siipendekezi, maana kaskazi na joto lake hufika mizizi haijashika vizuri.

Penye majira ya baridi kali mwaridi hulala, ukahamishwa usingizini. Wetu haulali, kwa hiyo uandae. Wiki sita kabla, chimba mfereji wa nusu duara, sentimita 30 kutoka kwenye shina, kina cha koleo, ukikata mizizi unayokutana nayo, kisha ufukie. Baada ya wiki tatu malizia nusu iliyobaki. Mizizi mipya itachipua ndani ya bonge la udongo utakalolibeba.

Kupogoa ndiko kunakowauma wengi, nami nawaelewa: shina la mita nne limekuzwa kwa miaka. Hata hivyo, kata. Bakiza mashina matatu hadi matano yenye afya, uyafupishe hadi mita moja na nusu hivi. Vitawi vya pembeni viachie macho mawili, yaani vifundo vya kuchipulia, na maua yote yaondoke.

Shimo jipya liwe na upana wa sentimita 60 na kina cha 50, likae sentimita 45 kutoka ukutani. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri hutoa joto hadi usiku, basi uepuke. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zina tatizo lingine: chokaa inayodondoka huuzuia mwaridi kunyonya madini ya chuma, majani yakawa njano huku mishipa ikibaki kijani. Toa vifusi, changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Maji ya kisima yenye chumvi yaepuke pia, kama una mengine.

Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kuhamisha, kisha ng'oa kesho yake saa kumi na moja jioni. Funga bonge kwa gunia lenye maji. Panda mahali pa kubebeshea, yaani kifundo ambapo mwaridi uliunganishwa na shina la chini, pakiwa juu kidogo ya udongo, shindilia kwa mkono, mimina lita 20 polepole.

Simamisha makuti upande wa magharibi kwa wiki tatu. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina, na uzikague kila mara kwa ajili ya mchwa. Mbolea ya dukani isitiwe mpaka machipukizi yafikie urefu wa kiganja. Mashina mapya yakirefuka, yafunge kwa kuyalaza ubavu kwenye waya: hapo kila jicho huchipua kitawi cha maua, badala ya maua kukusanyika nchani peke yake.