Kombe hili ni la kushoto au la kulia? Kutambua gamba la moluska hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na mwanafunzi mwenye bakuli la magamba ya moluska, wanyama laini kama konokono na chaza, na daftari lililojaa alama za kuuliza. Kutenga konokono na makombe, yaani nusu za magamba yenye vipande viwili, alikumaliza kwa dakika chache. Kujua kombe lipi ni la kushoto na lipi la kulia kulimla mchana kutwa. Mimi jambo hilohilo liliwahi kunila siku mbili, kwa hiyo hatua ya nne utaiona ndefu.

1. Safisha

Hakikisha gamba ni tupu. Lenye umbo la pia na mdomo mwembamba mrefu kama ufa huenda ni la konokono wa bahari aitwaye Conus. Likiwa na mwenyewe ndani, liache lilipo. Jino lake lina sumu, na Conus geographus amewahi kuua watu.

Osha kwa maji na mswaki laini. Siki usiitumie hata kidogo. Gamba ni kalisi kaboneti, asidi huila, na vitakavyotangulia kupotea ni vile vimistari na vimeno unavyovihitaji.

2. Hakikisha ni moluska

Vikoni vya vibamba vya chokaa vilivyoganda miambani ni vya krasteshia, jamaa wa kaa. Brakiopoda nao hupotosha wengi, maana wana makombe mawili. Pitisha mstari wa kufikirika katikati ya kombe moja, kutoka ncha hadi ukingo. Nusu zikilingana sawasawa, huku kombe la juu likitofautiana na la chini, hilo ni la brakiopoda.

3. Tafuta ngeli (kundi kubwa la moluska)

Lililojisokota ni Gastropoda. Vipande viwili, Bivalvia. Vibamba 8 mgongoni, Polyplacophora. Mrija uliopinda kama pembe ya ndovu, wazi pande zote mbili, Scaphopoda. Likiwa limesokotwa na ndani limegawanywa vyumba, ni Nautilus, ndugu wa pweza na ngisi. Monoplacophora hutawaokota: wanaishi vilindini, na walijulikana kwa visukuku tu hadi walipopatikana hai mwaka 1952.

Kwa konokono, kilele kiwe juu, mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa kulia kwako, gamba ni la kulia, kama yalivyo mengi. Physa na Bulinus, konokono wa maji baridi, ni wa kushoto. Usiamue kwa picha ya kamera ya mbele ya simu, kwani nyingine hugeuza kushoto kuwa kulia.

4. Kushoto au kulia

Kushoto na kulia ni kwa mnyama, si kwako. Bawaba ni mgongo wake. Mbele ndiko uliko mdomo, nyuma ndiko inakotokea mirija ya maji. Kwa hiyo kazi yote ni kuipata mbele.

Wengi hufundishwa kwamba nundu, ile sehemu kongwe ya kombe karibu na bawaba, huelekea mbele. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa Donax, mmoja wa wenye makombe mawili, nundu huelekea nyuma, na upande mfupi ndio wa nyuma. Mimi siianzi kazi na nundu. Naanza ndani ya kombe, kwa mwanga wa tochi ulioinamishwa ubavuni na lenzi ya mkono ya kukuza mara 10. Kukuza picha kwenye simu hakutoshi, kwa sababu mistari hii huonekana kwa kivuli chake.

Tafuta mstari ulioachwa na joho, ile ngozi laini inayotengeneza gamba, sambamba na ukingo. Ukiona mahali unapoingia ndani kama ghuba, hapo ndipo mirija ilipojikunja: ni nyuma. Ghuba ikikosekana, tazama kano ya nje, ule ukanda unaounganisha makombe mawili, ikiwa bado ipo. Kwa kawaida hukaa nyuma ya nundu. Kome wana kovu dogo la msuli mbele na kubwa nyuma, na ncha yao iliyochongoka ni mbele. Chaza wana kovu moja tu, lakini kombe walilojigandishia mwambani ni la kushoto.

Ukishaipata mbele, elekeza bawaba juu. Ukitazama nje ya kombe na mbele ikawa kushoto kwako, hilo ni kombe la kushoto. Ukitazama ndani, kanuni inageuka: mbele ikiwa kulia kwako, ndilo la kushoto.

Hapo ndipo nilipopoteza siku zangu mbili. Nilikuwa nasoma makovu ndani, kisha naandika kwa kanuni ya nje, na kila lebo ikatoka kinyume. Sasa siitegemei kanuni ya maneno. Nashika kombe bawaba ikiwa juu, mbele ikielekea mbali nami, kama vile mnyama anatembea kwenda niendako. Upande wa nje wa kombe, ule uliobinuka, ukiwa upande wa mkono wangu wa kushoto, ni la kushoto.

5. Andika na hifadhi

Tumia penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huchuja karatasi ikilowa. Andika mahali, tarehe, upande, na ulichotumia kuamua: ghuba, kano au kovu.

Usihifadhi kwenye droo za mwaloni. Mbao hizo hutoa mvuke wa asidi, na magamba hufunikwa na unga mweupe unaoyala. Tatizo hilo huitwa kwa jina la Byne, aliyeliandika mwaka 1899 akidhani ni bakteria. Mimi hutumia makopo ya kioo, na lebo hukaa ndani pamoja na gamba.