Kabla ya kuingia porini kutafuta almasi au platinamu

Mwaka wangu wa kwanza kwenye utafiti wa madini tulirudi kambini na mifuko 43 ya changarawe ambayo namba zake zilikuwa zimefutika. Kalamu ya kununua stendi, jua la Kishapu, na mifuko kusuguana nyuma ya Land Cruiser kutwa nzima. Ndani mlikuwa na changarawe safi kabisa, ila hakuna aliyejua imetoka korongo lipi. Mkuu wa kambi akaagiza imwagwe kwenye mashimo ya barabarani. Barabara ikapona, msimu wetu ukaishia hapo.

Ninayoyaandika hapa ni ya hatua ya mwanzo kabisa, pale ambapo una eneo kwenye ramani, watu wanne au watano, gari moja, na bado hujui kama kuna kitu chini. Mambo mengi yanayoua utafiti hutokea kabla ya shimo la kwanza.

Anza kwa kujiuliza unatafuta nini hasa, maana almasi na platinamu hazitafutwi kwa namna moja hata kama zote huwekwa fungu la madini ya thamani. Chukua Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga. Bomba lile la kimbalaiti, yaani mwamba wa volkeno unaopandisha almasi kutoka kina kirefu, alilolipata mjiolojia wa Kanada John Williamson mwaka 1940, lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi. Pamoja na ukubwa huo na sifa zake zote, mwamba wake hutoa takriban karati 6 kwa kila tani 100. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo unazungumzia gramu 1.2 ndani ya Fuso 10 zilizobeba tani 10 kila moja. Ni kama punje tatu za maharage. Sasa mtu anachoronga mita 100, anapata kijiti cha mwamba kisichofika nusu tani, anakikagua kwa lenzi, haoni almasi, anatangaza kwamba eneo halina kitu. Hesabu inasema angetarajia karati 0.03 hivi, tena huenda imesambaa katika vipande asivyoweza kuviona.

Ndiyo maana katika hatua ya awali almasi yenyewe haitafutwi. Wanaotafutwa ni ndugu zake: garneti ya zambarau, ilmenaiti nyeusi inayong'aa, daiopsaidi ya kijani kibichi, kromaiti. Madini haya hupanda juu pamoja na kimbalaiti, na ni mengi kuliko almasi kwa mbali. Mvua huyabomoa, mito huyabeba, nawe unayafuata kinyume na mkondo hadi yanapokatika. Garneti fulani zenye kromu nyingi na kalisi kidogo ndizo zinazofurahisha zaidi, kwa kuwa zinadokeza kina ambacho almasi hukaa. Hilo huwezi kulijua kwa macho. Chembe lazima ipimwe kwa mashine. Bajeti isiyo na fungu la kupima chembe ni bajeti ya kutembea tu.

Platinamu ni kinyume chake. Kwenye mwamba wa Merensky kule Afrika Kusini tani moja hubeba gramu chache tu za platinamu na ndugu zake, na hutaona hata moja kwa macho. Lakini imesambaa kwa usawa kiasi kwamba mfuko wa kilo 3 ukisagwa vizuri na maabara ikachota gramu 30 au 50 za unga, jibu linaaminika. Kwa hiyo mtafutaji wa platinamu anahitaji sampuli ndogo ndogo nyingi zilizopangwa kwenye mstari, na maabara makini. Mtafutaji wa almasi anahitaji changarawe nyingi, maji, machekeche, na mtu mwenye jicho na subira ya kukaa mbele ya hadubini wiki nzima. Ukichanganya maandalizi ya haya mawili utapoteza yote mawili.

Halafu uliza kama eneo lako lina haki ya kuwa na kitu hicho. Almasi hupatikana zaidi pale ambapo ganda la dunia ni la kale sana na nene, na sehemu ya kati ya nchi yetu ya Tanzania, kuanzia Dodoma hadi Shinyanga na Mwanza, imekaa juu ya mwamba wa namna hiyo. Vijibomba vya kimbalaiti vinavyojulikana nchini vinapita 300. Vilivyowahi kulipa kuchimbwa unavihesabu kwa vidole, na hilo mwekezaji wako alijue mapema kabla hajaanza kuota jiwe la waridi kama lile la karati 54.5 lililotoka Mwadui mwaka 1947 na likaishia kwenye harusi ya binti mfalme wa Uingereza. Platinamu nayo hutaka miamba mizito myeusi iliyopoa kwa tabaka, yenye kromu, nikeli na shaba. Kwetu ya kutazama ni ile ya Kapalagulu kando ya Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kigoma, na ukanda wa nikeli unaotoka Musongati nchini Burundi hadi Kabanga, Ngara, uliofanyiwa kazi kubwa na mradi wa Umoja wa Mataifa miaka ya 1970. Mtu akikuletea eneo la platinamu lililo katikati ya granaiti tupu, mnywe chai na umuage vizuri.

Kabla ya kununua hata sururu, nenda Dodoma au uwasiliane na GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Ramani za jiolojia za eneo lako zipo, na mara nyingi zipo pia taarifa za makampuni yaliyopita, vipimo vya sumaku vilivyorushwa kwa ndege, na matokeo ya udongo ambayo mtu mwingine alishalipia. Nimeona kampuni ikitumia miezi miwili kuchukua sampuli kwenye mito ileile iliyokwishachekechwa na wengine zamani. Taarifa ilikuwa kabatini, haikuombwa.

Leseni. Ingia kwenye mfumo wa Tume ya Madini uangalie eneo liko wazi au lina mwenyewe, kisha thibitisha kwa Afisa Madini Mkazi wa mkoa, kwa sababu ramani ya kwenye simu na mipaka halisi vinaweza kutofautiana mita ambazo zitakuletea kesi. Leseni ya utafutaji hutolewa mwanzoni kwa muda usiozidi miaka 4, na saa yake huanza kuhesabu siku ya kutolewa. Haisubiri upate gari. Haikupi ruhusa ya kuchimba na kuuza. Leseni ndogo ya uchimbaji, ile PML, ni kitu kingine na ni ya Watanzania tu. Ukikuta ndani ya eneo unalolitaka kuna PML za watu, zijue moja moja, majina na namba, kabla ya siku ya kwanza.

Na leseni haikupi ardhi. Hapa ndipo wengi huanguka. Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake chini ya sheria ya mwaka 1999, na ukitaka kufanya kazi karibu na nyumba ya mtu, shamba lililolimwa au makaburi unahitaji ridhaa ya maandishi. Usiende moja kwa moja korongoni. Pita halmashauri, ukaonekane na barua yako, halafu mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, na hao watakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye ndiye anayejua kila mbuzi ni wa nani. Omba mkutano wa kijiji. Kwenye mkutano eleza kwa Kiswahili cha kawaida, na kama ni Usukumani tafuta mtu wa kutafsiri kwa ajili ya wazee: tutachukua mchanga kiasi cha ndoo mbili kila kituo, tutachimba mitaro michache, tutaifukia, hatujapata chochote. Hilo la mwisho lirudie. Sehemu za Maganzo, jirani na Mwadui, watu wameishi na almasi miaka zaidi ya 80. Ukitua na gari jeupe na vijana wenye kofia ngumu, ifikapo jioni habari imeshakuwa kwamba mmelikuta jiwe, na usiku kuna watu na chepe pale mlipochimba. Wazee wale pia ni hazina. Mzee mmoja alituonyesha kisima kilichotoa udongo wa kijani uliooza, laini kama sabuni, dalili ya kimbalaiti. Jiolojia ya darasani ingetuchukua wiki tatu kufika hapo. Uandike mchango wake, na umlipe siku yake.

Majira ya kazi yapange kwa udongo, si kwa kalenda ya ofisi. Mbuga nyeusi za Shinyanga mvua zikianza Novemba au Desemba hazipitiki. Gari litazama hadi ekseli, nanyi mtalipa trekta ya mtu kwa bei anayotaka yeye. Lakini ukienda kiangazi kikali, Agosti au Septemba, maji ya kuchekechea hakuna. Sisi huwa tunaingia mwishoni mwa Mei, makorongo yakiwa yameanza kukauka na madimbwi bado yapo. Mbuga ina tabia nyingine mbaya: inafunika. Chini yake kunaweza kuwa na kimbalaiti na juu usione hata chembe. Hapo tazama vichuguu. Mchwa huteremka kutafuta unyevu na hupandisha punje kutoka chini, na chini ya mchanga wa Kalahari kule Botswana ilmenaiti iliyopandishwa na mchwa ilichangia kuonyesha mahali pa mgodi wa almasi wa Jwaneng. Kwa hiyo kwenye orodha ya vituo vyako weka na vichuguu.

Upande wa Kigoma tatizo ni milima, msitu na mbung'o. Mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo zile ovaroli za bluu ambazo kila duka linauza ziache mjini. Angalia pia kama kipande cha eneo kinaingia hifadhini, kwa sababu kibali cha madini na kibali cha misitu au wanyamapori ni milango tofauti.

Sasa mambo ya sampuli, ambayo ndiyo ninayoyapigania kuliko yote. Mifuko iwe mipya. Usikubali viroba vya mbolea, saruji wala sandarusi iliyobeba mchanga wa mradi mwingine; punje moja ya garneti iliyobaki kwenye pindo la kiroba inaweza kukuzungusha mwaka mzima. Namba iandikwe nje kwa kalamu isiyofutika, na kikaratasi kigumu chenye namba hiyohiyo kiwekwe ndani kwenye kinailoni chake. Daftari la kituo liandikwe palepale: namba, mahali kwa GPS, kina, rangi ya mchanga, nani alichukua. Chekeche lioshwe na kupigwa brashi kati ya kituo na kituo, hata kama jua linawaka na watu wanataka kwenda kula.

Kwa platinamu, pete zivuliwe. Watu hucheka nikisema hivi asubuhi ya kwanza, lakini maabara hupima sehemu moja kwa bilioni, na pete, hasa ile dhahabu nyeupe ambayo mara nyingi huchanganywa na paladiamu, ikisuguana na mwamba inatosha kukutengenezea mgodi usiokuwapo. Kwa almasi kuna kichekesho kikubwa zaidi: kichwa cha mtambo wa kuchoronga chenyewe kina vipande vya almasi, na huvunjika. Ukifika hatua hiyo, andika aina ya kichwa kilichotumika na uhifadhi kile kilichochakaa, ili maabara ikikuta kialmasi kidogo iweze kulinganisha kabla hujapiga simu kwa mwekezaji.

Atakayetembea na magnetomita, kile kipima sumaku, kwenye mistari ya kupima aache simu, funguo, panga na mkanda wenye kifungo cha chuma. Nyumba za bati na nyaya za umeme ziandikwe kwenye daftari zinapokaribia.

Maabara iteuliwe kabla ya kutoka, na uwaulize wanataka kilo ngapi, wanasaga hadi wapi, wanachukua muda gani. Kati ya kila sampuli 20 penyeza moja tupu isiyo na kitu, moja sanifu ambayo majibu yake yanajulikana, na moja rudufu, zote zikiwa na namba za kawaida ili maabara isizitambue. Kama sampuli zitapelekwa nje ya nchi kuna kibali cha Tume ya Madini, na anza kukiomba mapema. Almasi ghafi ikionekana, hata ndogo kama chumvi, imeshaingia kwenye utaratibu wa Kimberley, ule wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya almasi ghafi, ulioanza mwaka 2003. Haiendi mfukoni wala kwenye bahasha ya barua, hata kama nia ni kupima tu.

Dawa za malaria, maji, mtu anayejua huduma ya kwanza, umbali wa hospitali yenye dawa ya nyoka: hayo kila mtu anayajua na bado husahaulika. Mitaro ichimbwe na kufukiwa wiki hiyohiyo. Ng'ombe akitumbukia, hakuna leseni itakayokusaidia kwenye mkutano unaofuata.

Jambo la mwisho fanyeni mkiwa bado mezani, vichwa vimetulia. Andikeni matokeo gani yatawafanya muendelee na yapi yatawafanya muache. Sisi safari ya mwisho tuliandika kwamba vituo 60 vya makorongo visipotoa garneti ya zambarau hata moja, tunarudisha eneo; vikitoa, tunafuata korongo lililoitoa tu. Vilitoa mbili, zote kutoka korongo moja, zimechakaa na kulainika kama zimesafiri mbali. Usiku ule kambini kila mtu alikuwa na hoja ya kuendelea. Mkuu wa kambi akatoa ile karatasi iliyosainiwa Dodoma, akaisoma kwa sauti, na kesho yake tukawa juu ya lile korongo moja tu, upande wa juu wa mkondo, na mifuko mipya.