Jina la Kichina lenye 瑞: lifurahie mtaani, lisikae peke yake kwenye mkataba

Ukifika Guangzhou au Yiwu, miji ya biashara ya China, hata wiki haiishi utakuwa umeshapewa jina la Kichina, na mwalimu, dalali au jirani. Lipokee, ushukuru. Ila lisiandikwe peke yake kwenye karatasi yoyote yenye pesa.

Langu lina herufi 瑞, husomwa "rui", sauti ikishuka kwa mkato. Wachina huwapa wavulana na wasichana, kwa kuwa ni dalili ya heri. Theluji ikianguka kwa wakati wake huitwa theluji ya 瑞, mavuno yatakuwa mema. Upande wake wa kushoto ni alama ya jade, jiwe la thamani. Kamusi ya mwanazuoni wa Kichina Xu Shen, ya takriban mwaka 100 baada ya Kristo, inaieleza herufi hii kuwa ni jade inayotumika kama uthibitisho. Yaani ilianza kama kitambulisho! Baadaye ikawa ishara njema kutoka mbinguni, na hapo hata sisi wa pwani tumo. Mwaka 1414 mfalme Yongle aliletewa twiga kutoka Bengal, akachorwa kama qilin, mnyama wa heri, na jina la mchoro huo linaanza na 瑞. Mwaka uliofuata Malindi nayo ikapeleka twiga wake. Msimulie mwenye duka, huenda akakupunguzia bei.

Sasa mtego. Zipo herufi nyingine zinazosomwa vilevile kabisa: 锐 ya makali, 睿 ya hekima. Dalali aliandika 瑞 kwenye mkataba wangu wa pango. Karani wake, kwa kusikia tu, akaandika 锐 kwenye risiti ya amana. Pasi ina jina la kwetu. Siku ya kuhama mwenye nyumba alizipanga zote tatu mezani, akauliza hawa ni akina nani. Amana haikurudi, na pa kushtaki sikupaona, maana hakuna ofisi iliyowahi kuniandika kwa jina lile.

Narudia: jina la pasi, herufi kwa herufi, kwa mpangilio wa pasi, pamoja na namba yake. Kichina kikihitajika kikae kando yake, si mahali pake. Risiti nayo hivyohivyo, hasa risiti. Ukiambiwa "méi shì", yaani hamna shida, weka kalamu chini kwanza.

Polisi wa mtaa: ukipanga nyumba, jisajili ndani ya saa 24. Benki na laini ya simu: pasi.

Na nyie shangazi na wajomba mnaotaka kututumia pesa kwa jina mliloliona WeChat, jamani, acheni. Kwetu kubadili jina ni kwenda kwa wakili, kuapa na kusajili hati, mnajua wenyewe. Hili la kupewa tukinywa chai lipokee vipi pesa benki? Zitakwama, halafu mtasema kijana kazila.

Wenyeji wetu nao wananishangaza. Watamlipa mtaalamu ahesabu mistari ya herufi ili mtoto apate jina la bahati, na namba 4, inayosikika kama neno la kifo, wataikwepa hata kwenye lifti. Lakini mbele ya dirisha la karani heri yote hiyo haina kazi, anatazama namba ya pasi tu. Mwanzoni iliniudhi. Siku hizi naona afadhali, kuliko kule kwetu unakoulizwa kwanza wewe ni mtoto wa nani.

Ukilazimika kulitaja jina lako mbele ya mtu mwenye kalamu, usiseme "rui" ukanyamaza. Sema "xiángruì de ruì", rui ile ya neno la heri, kisha itazame kalamu. Upande wa kushoto unatakiwa uwe 王, ambayo ndiyo jade ikiandikwa ubavuni. Ukiona 钅, hiyo ni alama ya chuma. Mwambie aandike upya hapohapo, kabla hujalipa.