Fundi kasema elfu arobaini na tano: jinsi ya kutengenezewa baiskeli bila kupigwa

Jumamosi moja nilipeleka baiskeli kwa fundi kwa ajili ya kelele moja tu, kakelele ka "krk" kila nikikanyaga pedeli ya kulia. Nikamwambia "fundi, niangalizie hii", nikaiacha pale nikaenda zangu sokoni. Narudi nakuta cheni mpya, friwili mpya (ile ya meno ya tairi la nyuma, cheni inapopita), raba za breki mpya, na hesabu ya elfu arobaini na tano. Nikalipa maana ningefanyaje, vitu vimeshafungwa. Nimefika kona ya kwanza tu, krk.

Nilikasirika wiki nzima lakini nikikaa nikifikiria naona nusu ya kosa ni langu. Ukimwambia fundi "niangalizie" ye anasikia "tengeneza kila utakachokiona", na baiskeli ya Dar yenye miaka mitatu ya vumbi na chumvi ya bahari haikosi cha kutengeneza. Siku hizi nasema hivi: "Fundi, kuna kelele kwenye pedeli ya kulia. Nipigie hesabu kwanza, usifunge kitu chochote kipya mpaka tuongee." Hiyo sentensi peke yake imeniokolea hela nyingi kuliko kupatana bei kokote nilikowahi kupatana.

Sasa kabla hata hujatoka nyumbani. Igeuze baiskeli matairi juu, zungusha kila tairi uangalie kama ringi inagusa raba za breki sehemu moja kila ikizunguka (hapo imepinda), shika ringi uitikise kulia kushoto kama inacheza (hapo ni gololi au nati za habu, ile ya katikati ya tairi, zimelegea), shika mikono ya pedeli uitikise hivyo hivyo. Dakika kumi tu. Huendi kujifanya fundi, unaenda kujua unapeleka tatizo gani, na fundi akiona unajua linatokea wapi hata lugha yake inabadilika, hakuiti "bosi" tena.

Cheni ndio inayoongoza kwa watu kubadilishiwa bila sababu, na ndio rahisi kuliko zote kuipima mwenyewe. Chukua tepu ya chuma ya fundi seremala, upande wa inchi. Usianzie mwanzo kabisa maana ile ndoano ya mbele huwa inacheza, anzia alama ya inchi 1. Cheni ikiwa imevutika vizuri, weka katikati ya pini moja kwenye hiyo alama, afu hesabu pini mpaka ya 25. Kwenye cheni mpya pini ya 25 inaangukia inchi 13 kamili, yaani inchi 12 toka ulipoanzia, kwa sababu toka pini hadi pini ni nusu inchi na hii ni karibu baiskeli zote, iwe Phoenix, Avon au mtumba wa Japani. Ikipita kama milimita moja na nusu, cheni imechoka, badilisha cheni tu. Ikipita milimita tatu, hapo fundi akikwambia cheni na friwili vyote viende usimgombeze, anasema kweli, meno ya friwili yameshalika kufuata cheni ya zamani na ukifunga cheni mpya juu yake itakuwa inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Yangu nilikuja kuipima baadaye nikiwa nayo nyumbani... hapana, sikuipima, maana sikuichukua. Nitarudi hapo.

Tairi nayo ina hadithi yake. Dukani watakwambia "26 ni 26 bana" na wewe utabeba. Sio kweli kabisa! Angalia ubavuni mwa tairi lako la zamani, kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 47-559 au 37-590. Ile ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi kwa milimita, na hiyo ya pili ndio haina mjadala. Baiskeli za milima za inchi 26 ni 559. Zile za kike za Kijapani zenye kikapu mbele, zilizoandikwa 26 x 1 3/8, ni 590. Zote zinaitwa 26 na tofauti ni milimita 31, utalisukuma na bisibisi mpaka vidole vitoke damu haliingii. Na 28 ndio balaa zaidi, ile baiskeli kubwa nyeusi ya 28 x 1½ ni 635, lakini mtumba wa Ujerumani au Uholanzi ulioandikwa 28 mara nyingi ni 622. Mimi nilinunua tairi duka moja la mjini kwa kutaja "26" tu, kurudisha jamaa akaniambia likishatolewa kwenye nailoni halirudi, na kibandiko ukutani kipo kweli, "mali ikiuzwa hairudishwi". Piga picha ubavu wa tairi, muuzaji asome namba yeye mwenyewe mbele yako, na kama anatoa risiti mwambie aandike na saizi. Kwa maduka makubwa ya Kariakoo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni haki yako usione aibu kuidai, bila risiti ukirudi na malalamiko unakuwa mpita njia tu kama wengine.

Tyubu haina ugomvi sana maana inavutika, ila angalia vali. Ukinunua yenye vali nene kama ya gari wakati tundu la ringi ni la vali nyembamba, fundi atachukua drili atanue tundu, na ukishatanua hakuna kurudi. Muulize kwanza kama ana tyubu ya vali yako.

Haya, bei yenyewe. Usiulize "shilingi ngapi yote". Uliza spea shilingi ngapi, ufundi shilingi ngapi, mbalimbali. Hesabu ikiwa moja hujui unalipia nini, unaanza kulia bei ya ufundi wakati kilichopanda ni spea, au kinyume chake. Fundi wengi hawana stoo, anamtuma dogo akachukue spea duka la jirani na anaweka cha juu chake, na mi kwa kweli sioni ubaya wa cha juu, kaacha kazi, katuma mtu, na spea ikiharibika siku ya pili utamrudia yeye na sio duka. Kinachoudhi ni cha juu kikiwa kikubwa kuliko spea yenyewe. Pita dukani siku moja kabla, uliza bei ya hicho kitu, usinunue, basi unakuwa na picha. Ukiamua kununua spea mwenyewe upeleke inawezekana, lakini jua kabisa fundi hatakuwa na dhamana nayo, na ufundi utapanda kidogo. Ni haki yake.

Na neno "og", yaani orijino. Kila kitu ni og siku hizi. Usibishane, uliza tu "tofauti yake na hii ya bei ya chini ni nini?" afu nyamaza. Anayejua mali yake atakuonyesha, atakuzungushia friwili usikie inavyolia, ataitikisa uone haina mchezo. Asiyejua atarudia tu "hii og bosi".

Kuna kazi mbili ambazo lazima usimame pale pale, usiende sokoni wala kununua vocha.

Ya kwanza ni kufungua habu. Gololi ni ndogo, zinadondoka mchangani, na fundi mwenye haraka anarudishia zilizobaki. Habu ya mbele ya kawaida ina gololi 10 kila upande, ya nyuma 9 kila upande, na za nyuma ni kubwa zaidi. Mi huwa naenda na kifuniko cha ndoo, namwambia "fundi weka humu tusipoteze", anaona nasaidia kazi kumbe nahesabu. Kuna siku habu ya nyuma ilifunguliwa, upande wa kulia zikatoka 9, upande wa kushoto zikatoka 7 na mbili kati ya hizo zilikuwa za saizi ya mbele! Yaani nilikuwa natembelea hivyo toka matengenezo ya mwisho na nilikuwa nalaumu barabara. Angalizo moja, kuna habu ambazo gololi zimeshikwa kwenye kikeji cha bati, hizo huwa chache kwa sababu keji inachukua nafasi, usianze vita kwa hizo.

Ya pili ni kutoa pedeli ya kushoto. Hiyo uzi wake wa skrubu uko kinyume, na nimeshaona kijana anayejifunza kazi akiing'ang'ania na spana ya 15 upande wa kawaida mpaka uzi wa ule mkono wa alumini ukaisha, na ukiisha huo mkono mzima unabadilishwa, tena kwa hela yako. Kukumbuka ni rahisi: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, kufungua ni kuivuta kuelekea tairi la nyuma, pande zote mbili. Kufunga ni kuelekea tairi la mbele. Ukiona inaenda sivyo, mwambie taratibu, "fundi hii si ya kinyume?" Mwambie kama unauliza, asione unamfundisha mbele za watu.

Kama tatizo liko kwenye tairi, usipeleke baiskeli. Fungua nati mbili, peleka tairi tu. Hili nimelijua nimechelewa sana, fundi mwenye tairi mkononi hana pa kukuonyesha breki wala cheni, na tairi haikai kwake siku nne ikizibiwa njia na baiskeli za watu wengine. Kwenye bajaji linaingia.

Kuhusu "njoo kesho", muulize anasubiri nini, spea au foleni. Kama ni spea, mpe hela ya spea tu, ya ufundi abaki akiidai, mtu anayedai hakusahau. Kama ni foleni, rudi nayo nyumbani uje asubuhi ya Jumanne, Jumamosi mchana kila mtu kaleta baiskeli ya mtoto. Ukiiacha toa taa, pampu na chupa, sisemi wataiba, nasema utalala vizuri.

Kuna sehemu moja usipatane bei: kunyoosha ringi. Baiskeli kubwa nyeusi nyingi zina njiti 32 mbele na 40 nyuma, na fundi anapita moja moja, anakaza hii analegeza ile, anazungusha, anarudi tena. Ukimshusha bei hapo hatabishana nawe, atakaza tatu nne zilizo karibu na palipopinda, itaonekana imenyooka, wiki ijayo njiti zinaanza kukatika moja moja. Kiraka sawa, lia bei, hiyo dakika tano.

Kazi ikiisha usilipe kwanza, panda. Zunguka mpaka kona na kurudi, kamata breki zote mbili kwa nguvu, badilisha gia zote kama zipo. Muombe pia ukija keshokutwa akaze tena bure, waya mpya za breki na njiti mpya lazima zilegee kidogo siku za mwanzo na fundi mzuri anajua hilo kabla hujamwambia. Ukilipa kwa simu inakuwa poa zaidi, meseji inabaki na tarehe.

Na dai vitu vyako vya zamani. "Fundi nipe ile cheni niliyokuja nayo." Sio kwamba utaifanyia chochote. Ile friwili yangu ya Jumamosi ile ilikuwa na jino moja lenye rangi ya bluu, mwanangu aliimwagia siku anapaka geti. Kama wiki mbili baadaye nimesimama foleni ya mihogo, anapita muuza maji na madumu manne nyuma, friwili inazunguka taratibu na doa la bluu linapanda linashuka linapanda linashuka. Na hairuki hata kidogo! Nikamuuliza kanunua wapi, akanitajia fundi yule yule, tena akaisifia, "hii mtumba lakini nzima kaka".

Nilirudi kwa fundi lakini sio siku ile, nilisubiri hasira ziishe, nikaenda asubuhi kabla hajapata wateja. Ukienda saa kumi jioni watu wamejaa ukasema "umeniibia", lazima akutukane, hana njia nyingine mbele ya watu. Nilimwambia tu kelele ipo palepale, na kwamba friwili yangu nimeiona mtaani. Akakaa kimya akifuta mikono. Kisha akachukua spana ya 15, akatoa pedeli ya kulia, akafuta mchanga kwenye uzi, akapaka grisi, akaikaza. Nikapanda mpaka kwenye duka la mkaa na kurudi, kimya kabisa. Nikauliza shilingi ngapi. Akasema "hiyo acha", na elfu kumi na mbili ya friwili akanirudishia mwisho wa wiki, kwa awamu mbili.

Bado naenda kwake, ila na kifuniko changu cha ndoo.